Nani Analipa Nauli?

Mtu anayetaka kwenda nchi ya kigeni kwa mara ya kwanza huulizwa maswali mengi na jamaa zake, lakini karibu yote ni ya namna moja. Utakwenda kwa ndege au kwa basi? Utafika lini? Nauli ni kiasi gani? Hata yeye mwenyewe hulala akihesabu fedha na saa, kana kwamba safari ni gunia la mahindi linalotakiwa kuhamishwa kutoka ghala moja hadi jingine kwa gharama ndogo. Mimi nimo katika watu waliowahi kuhesabu hivyo. Katika kurasa hizi nataka kukuwekea mbele, ewe msomaji kijana, swali moja ambalo sikuulizwa na mtu, nami sikujiuliza mpaka nilipokwisha kurudi: nani analipa?

Usiseme upesi kuwa jibu ni rahisi, ya kwamba mlipaji ni yule aliyekata tiketi. Nauli iliyoandikwa katika tiketi ni sehemu tu ya nauli. Iko nyingine ambayo hulipwa kwa kungoja, kwa hofu, kwa kazi iliyoachiwa mikono ya wengine, na pengine kwa uhuru. Na mara nyingi anayeilipa hakupanda chombo chochote. Mtu achaguapo namna ya kusafiri, achagua pia ni nani atakayelipa nauli hii ya pili. Ndiyo sababu naliona jambo hili kuwa la maadili kabla halijawa la fedha.

Tazama mambo ya pwani yetu zamani. Mabaharia waliotoka Omani na Ghuba kuja Lamu, Mombasa na Unguja kwa majahazi hawakuwa na hiari kubwa. Kaskazi ilipoanza kuvuma, mwishoni mwa mwaka, iliwaleta. Na kusi ilipoingia, kuanzia Aprili hivi, iliwarudisha. Baina ya pepo hizo mbili mtu hakuweza kurudi kwao hata angekuwa na fedha za kununua jahazi zima. Alikaa. Alitafuta nyumba ya kulala, akajifunza kuomba maji kwa lugha ya wenyeji, akakopa na akakopesha, na wengine wakaoa. Biashara ile haikuwa njema yote. Katika majahazi hayo walipakiwa watumwa pia, nao ni wasafiri ambao hakuna aliyewauliza wangependa kwenda wapi wala kwa chombo gani. Walakini katika kule kungoja upepo, maneno yalipita toka mkono hadi mkono pamoja na tende na boriti, na lugha hii unayoisoma ilipata humo sehemu ya malezi yake. Upepo ulimlazimisha mgeni kuwa jirani.

Naona unatabasamu, ukidhani nataka kuisifu safari ya polepole na kuilaani ndege. Ngoja kidogo. Huko Maskati walikuwako wake na watoto waliokaa miezi hiyo yote bila habari, wasijue kama wao ni wake au ni wajane. Yule mgeni alikuwa tajiri wa maarifa Mombasa, na ada ya masomo yake ililipwa na mtu aliyekaa mlangoni kwake ng'ambo ya bahari.

Msafiri mashuhuri Ibn Battuta alitoka kwao Tangier mwaka 1325, akiwa kijana wa miaka 21, kwenda kuhiji. Alitoka peke yake, akawaacha baba na mama wakiwa hai. Mwaka 1331 alikuwa katika pwani hii yetu, akafika Mombasa na Kilwa, na tunayoyajua juu ya miji hiyo wakati ule mengi tunayajua kwake. Kila mwalimu wa historia humshukuru. Lakini aliporudi kwao mwaka 1349, baba yake alikuwa amekwisha kufa miaka mingi, na mama yake alikuwa amekufa kwa tauni muda mfupi tu kabla hajafika. Sisi tulisoma kitabu, wao walilipa. Sisemi kwamba asingalikwenda. Nasema kwamba hesabu ya safari ile haikamiliki bila watu wawili wale.

Sasa nikueleze ya kwangu, ambayo ni madogo sana mbele ya hayo. Nilipokuwa katika mwaka wa mwisho wa chuo cha ualimu, wenzangu sita walipanga kwenda Unguja kwa ndege, wakiwa kundi moja, na kila kitu kimetengenezwa: gari la kuwapokea, hoteli, na mtu wa kuwaongoza mjini. Walinialika, nikakataa. Mimi nilichagua basi kutoka Mombasa, kwa njia ya Lunga Lunga na Tanga, mpaka Dar es Salaam, ambako mwalimu mmoja, rafiki wa mjomba wangu, alikubali kunipokea. (Wako watakaocheka kwamba Tanzania si ng'ambo. Mpaka ni mpaka; na mtu asiyejua kuvuka mdogo hatajua kuvuka mkubwa. Tena tangu mwaka 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho chake tu, kwa hiyo yamkini safari yako ya kwanza nayo itakuwa ya jirani.) Nilijiona shujaa. Niliwaambia wenzangu kwamba wao wanakwenda kutazama watu na mimi nakwenda kuishi na watu. Maneno hayo yananitia haya nikiyakumbuka.

Nusu yake yalikuwa kweli. Basi liliposimama Tanga, niliingia kwa mama ntilie, kama waitwavyo huko wauzaji wa chakula, nikasema, "Nipe chai." Yule mama hakukataa. Alinitazama tu, kama utazamavyo mtoto wa jirani aingiaye nyumbani na matope miguuni. Bibi mmoja mzee, ambaye tulikaa kiti kimoja tangu mpakani, aliniinamia akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, huku tunaomba." Nilikuwa najua ngeli zote za Kiswahili. Nilikuwa nimepata alama za juu katika sarufi, na baada ya miezi michache ningesimama mbele ya wanafunzi kuwafundisha lugha hiyo. Na sikujua kuomba chai. Nikaanza upya: "Shikamoo mama. Naomba chai." Akaitikia, "Marahaba, baba," na ile chai ikaja na andazi ambalo sikuliagiza. Wenzangu wa ndege hawakupata somo hilo. Hotelini chai huwekwa mezani kabla mtu hajafungua kinywa, na aliyelipia adabu hasahihishwi.

Lakini kabla hatujafika Segera basi liliharibika. Tulikaa kando ya mashamba ya mkonge saa nyingi, jua likatuchoma, simu yangu ikazima. Bibi alinigawia muhogo wake. Tulizungumza habari za wajukuu zake na bei ya nazi, nami nilifurahi moyoni, nikisema: hii ndiyo safari. Tulifika Ubungo, ambako mabasi ya mikoani yalikuwa yakiishia siku hizo, saa tano usiku badala ya jioni. Mwenyeji wangu alikuwapo. Alikuwa amekaa juu ya benchi tangu saa kumi na mbili, na mwanawe mdogo amelala mapajani pake, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwachia. Mkewe alikuwa zamu ya usiku. Aliniambia, "Pole na safari." Nami, badala ya kumwomba radhi, nikaanza kumsimulia, njia nzima hadi nyumbani, shida nilizozipata na jinsi nilivyozivumilia. Siku ya tatu ndipo mkewe aliponidokeza kwa utani kwamba asubuhi ile mumewe alichelewa shuleni, akaitwa na mkuu wake akakaripiwa.

Hapo ndipo swali liliponijia. Uvumilivu wangu niliojivunia ulikuwa umelipiwa na mtu mwingine, kwa usingizi wake, kwa mgongo wake na kwa jina lake jema kazini. Na mimi sikuwa nimemwuliza. Niliporudi chuoni nilikuta jambo jingine. Mmoja wa wale sita, ambaye nilimcheka kuliko wote kwa kupenda starehe, mama yake alikuwa amelazwa hospitalini, na dada yake ndiye aliyekesha naye. Alikuwa na siku nne tu za kupumzika. Alikwenda kwa ndege ili arudi siku aliyomwahidi dada yake, na nauli ile alikopa. Yaani alilipa zaidi kwa fedha ili dada asilipe kwa usiku wa tano. Mimi nilitumia fedha kidogo na kumwachia mwingine deni. Niambie wewe, nani kati yetu alichagua vizuri?

Wako pia wasafiri ambao nauli yao yote hulipwa na mwingine, na hawa wanahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi, maana wengi wa vijana wetu ni wa kundi hili. Mwaka 1896 Selim bin Abakari alisafiri mpaka Urusi na Siberia. Hakuichagua safari ile. Alikwenda kwa sababu Bumiller, Mjerumani aliyemtumikia, alikwenda. Hata hivyo aliyoyaona aliyaona kwa macho yake mwenyewe, akayaeleza kwa Kiswahili, na habari zake zikapigwa chapa mwaka 1901. Kubebwa hakumfanyi mtu kuwa mzigo. Na mwaka 1959 vijana 81 wa Kenya walipanda ndege kwenda kusoma Marekani kwa mpango wa Tom Mboya. Nauli yao ilichangwa na watu wasiowajua. Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier ndio waliotia sahihi barua ya kuwaombea michango. Deni lao lilikuwa la wazi. Kila mmoja alijua nani amelipa na kwa nini, na mlipaji hakushika mlango wa kurudi.

Ni mlango huo unaonitia wasiwasi. Katika nchi kadhaa za Ghuba uko utaratibu uitwao kafala, ambao hufunga kibali cha mfanyakazi wa kigeni kwa mwajiri mmoja anayemdhamini. Qatar ililegeza masharti yake mwaka 2020, na Saudi Arabia mwaka 2021, ingawa mageuzi hayo ya Saudi Arabia hayakuwagusa wafanyakazi wa nyumbani. Miaka michache iliyopita msichana niliyemfundisha alinijia nyumbani jioni, uso umemng'aa. Wakala alimwahidi kazi ya nyumbani huko. Tiketi ni bure, pasipoti atatengenezewa, ndege ni baada ya siku tisa, na mkataba atausoma akifika. Mama yake alikuwa akiuza mboga sokoni, na nduguye alikuwa amefaulu mtihani wa kuingia sekondari. "Mwalimu, niende?"

Nikamwuliza, nani analipa? Akasema, wao. Kwa nini mtu asiyekujua akununulie tiketi ya maelfu ya shilingi? Akajibu, "Kwa sababu wanahitaji mtu wa kazi." Lilikuwa jibu zuri, tena si la uongo, mwajiri wa haki hulipa nauli ya mfanyakazi wake. Basi nikamwambia akaulize mengine. Ukitaka kurudi kabla ya muda, nani atalipa? Pasipoti itakaa kwa nani? Mama yako atajuaje jina la mwajiri na mahali pa nyumba yake? Na huyo wakala, je, yumo katika orodha ya waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uajiri? Nikamshauri asipande ndege mpaka apewe majibu kwa maandishi. Wakala alijibu moja, akanyamaza kwa yaliyobaki. Ndege ikaondoka bila yeye.

Alikwenda baada ya miezi kumi na mmoja, kwa wakala mwingine aliyesajiliwa, na nakala ya mkataba imo katika sanduku la mama yake. Huandika kwamba kazi ni nzito na mshahara hufika. Je, nilimwokoa? Sijui, wala siwezi kujua. Pengine wakala wa kwanza alikuwa mtu mwema asiyependa kuulizwa. Lakini ninalolijua ni hili: mwaka ule ambao dada alingoja, karo haikupatikana, na yule ndugu aliyefaulu alikaa nyumbani akiosha pikipiki pale senta kwa shilingi chache. Ushauri wangu ulikuwa wa busara, na yeye ndiye aliyeulipia.

Siku hizi yumo katika shule ninayofundisha. Ni mrefu kuliko wenzake wa darasa, kwa hiyo amejitafutia dawati la nyuma kabisa, asiwazibe wengine ubao. Asubuhi nisomapo majina huitika, "Niko, mwalimu," nami hutia alama, kisha huendelea na jina linalofuata.