Tuwazoeze Watoto Kurudi na Kushukuru



Tusome Luka 17, kuanzia mstari wa 11. Wenye ukoma kumi walitakaswa, akarudi mmoja tu kushukuru, naye alikuwa Msamaria. Wale tisa hawakuasi: waliagizwa waende kwa makuhani, wakaenda. Ila hawakuwa na desturi ya kurudi. Na desturi, ndugu zetu, huanza utotoni.

Sasa watoto wetu wanasikia nini nyumbani? Tangu Gécamines ilipoanguka katika miaka ya 1990, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kuanzia mwaka 2003, nyumba nyingi za kwetu zimejaa manung'uniko. Hatusemi baba anyamaze juu ya haki yake. Hata Daudi, katika Zaburi ya 13, anaanza kwa kulia na kumaliza kwa kuimba. Lakini mtoto wa miaka mitano akisikia kilio peke yake, atajifunza kilio peke yake.

Basi jioni, bukari ikiwa bado kwenye mbabula, kila mtoto ataje kitu kimoja na mtu mmoja. Tusikubali «asante Mungu kwa yote». Hilo ni jibu la kukariri. Aseme: yaya alinibeba mgongoni nilipochoka. Wazazi waanze wao. Baba amshukuru mama kwa sombe, mbele ya watoto. (Akina baba wengi watacheka hapa. Wajaribu tu.)

Wazee wetu walitufundisha kupokea kwa mikono miwili, kupiga goti na kupiga makofi polepole, na kusema wafwako au natotela, kila mtu kwa lugha ya kwao. Tusiyaache hayo. Lakini kumfinya mtoto mbele ya wageni ili atoe aksanti, hapana. Hapo anajifunza woga tu.

Mvua zikianza na maembe yakiiva, embe la kwanza la mti wa nyumbani mtoto alipeleke mwenyewe kwa nyanya au kwa jirani mjane. Ndiyo malimbuko ya Kumbukumbu la Torati 26, kwa kipimo cha mtoto. Vivyo hivyo sadaka: aitie kikapuni kwa mkono wake, hata faranga mia, naye aelezwe itamsaidia nani.

Na siku ile chungu hakikupanda motoni? Wapo kati yetu wanaozijua siku hizo. Jioni kama hiyo tusimdai mtoto neno lolote. Mzazi amkalishe karibu, amshukuru Mungu kwa ajili yake kwa sauti, akimtaja kwa jina lake, mtoto asikie.