Bawabu wa Nyumba ya Mungu

Zaburi 84:10



Mwimbaji wa Zaburi ya 84 anena neno ambalo wengi wetu hulipita upesi. Aona kwamba ni heri kwake kusimama kizingitini pa nyumba ya Mungu wake kuliko kukaa kwa raha katika hema za watu waovu. Hakuomba kiti cha mbele, wala hakuomba kazi ya kuhani. Alitaka mlango tu. Yafaa tuulize huyu aliyeridhika na mlango ni nani, na kwa sababu gani aliridhika.

Kichwa cha zaburi chatuambia ya kuwa ni zaburi ya wana wa Kora. Jina hilo halikuwa jina la sifa katika Israeli. Kora alikuwa Mlawi wa jamaa ya Kohathi, nao Wakohathi walipewa heshima ya kuvichukua vyombo vitakatifu mabegani mwao huko jangwani. Heshima hiyo haikumtosha. Akataka na ukuhani pia, akawakusanya wakuu 250, akasimama kinyume cha Musa na Haruni. Habari hiyo twaisoma katika Hesabu 16. Musa akawaonya watu watoke karibu na hema za wale waovu. Kisha nchi ikapasuka, ikawameza. Walakini katika Hesabu 26:11 limo neno fupi sana: wana wa Kora hawakufa.

Basi isomeni zaburi tena, mkikumbuka hayo. Hema za uovu si maneno ya kuupamba wimbo. Wazao wa Kora walijua hema hizo zilikuwa za nani, na walijua yule aliyetaka kupanda juu alishuka mpaka wapi. Wao waliachwa hai kwa rehema tupu. Kwa hiyo kizingiti hakikuwa kwao mahali pa chini. Kilikuwa mahali ambapo hawakustahili kusimama, na tazama, wamesimama. Baba alikuwa na kazi njema akaidharau, wana walipewa mlango wakauimbia. Ndugu zangu, hapa ndipo unapoanza utumishi wa kweli. Ajionaye kuwa amestahili kazi ya Mungu hataridhika na kazi yo yote. Bali ajuaye ya kuwa ameokolewa, hata ufagio mkononi mwake ni heshima.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Katika kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, mlango wa 9, twaona mabawabu 212 wakiwekwa malangoni, pande zote nne, mashariki na magharibi, kaskazini na kusini. Walilala kuizunguka nyumba ya Mungu, na kila siku asubuhi kuifungua ilikuwa juu yao. Ndugu zao waliokaa vijijini walikuja kwa zamu ya siku 7. Katika mlango wa 26 twaona kura ikipigwa, mdogo sawasawa na mkubwa, ili kila jamaa ijue lango lake. Walinzi wa kila siku, ukiwahesabu wote, walikuwa 24. Hakuna lango lililoachwa kwa sababu halipitwi na watu wakubwa.

Tena mabawabu walikuwa watu wa amana. Katika mwaka wa 18 wa kumiliki kwake Yosia, fedha ambazo watu walileta nyumbani mwa Bwana zilikuwa zimekusanywa na walinzi wa mlango (2 Wafalme 22). Fedha hizo zikapewa maseremala na waashi ili waitengeneze nyumba iliyobomoka, na katika kazi hiyo kikaonekana kitabu cha Torati kilichokuwa kimepotea. Fikirini. Kama mikono ya mlangoni ingalikuwa myepesi, nyumba isingalitengenezwa, wala kitabu kisingaliletwa mbele ya mfalme. Mtunza hazina wa usharika ahesabupo sadaka Jumapili jioni, senti kwa senti, asidhani kwamba afanya kazi ya dunia. Hajui Mungu atafunua nini kwa uaminifu wake.

Na nyumba ilipoanguka, mabawabu walianguka pamoja nayo. Mji wa Yerusalemu ulipotwaliwa na Wakaldayo, yapata mwaka 586 kabla ya Kristo, mkuu wa askari aliwakamata kuhani mkuu na kuhani wa pili, pamoja na walinzi watatu wa mlango; wakauawa huko Ribla (2 Wafalme 25). Hawakuiacha nafasi yao siku ya hatari. Tena Koreshi alipowapa Wayahudi ruhusa ya kurudi, Ezra aliandika hesabu ya waliopanda, na kati yao walikuwamo wana wa mabawabu, watu 139. Nyumba ilikuwa magofu, wala mlango haukuwapo. Hata hivyo walirudi, maana walijua kazi yao ni ipi.

Twaambiwa pia kwamba kuhani Yehoyada aliweka mabawabu malangoni ili asiingie mtu aliye najisi (2 Nyakati 23:19). Kwa hiyo bawabu ana mambo mawili ya kufanya, kufungua na kufunga. Naye aweza kukosa kwa njia mbili. Aweza kufungua mahali pa kufunga, hata uongo, ramli na masengenyo vikaingia kanisani vimevaa nguo za Jumapili. Tena aweza kufunga mahali ambapo Bwana amefungua. Kosa la kwanza twaliogopa, na ni haki tuliogope. La pili hatuliogopi sana, ingawa Bwana Yesu aliwakemea vikali waandishi na Mafarisayo waliowafungia watu ufalme wa mbinguni, wala wao wenyewe wasiingie (Mathayo 23:13).

Jambo hili kanisa la kale lilijifunza kwa machozi. Mwaka 250 kaisari Decius aliwashurutisha watu wa milki yake kuitolea sadaka miungu ya Warumi. Wakristo wengine walikufa wala hawakumkana Bwana. Wengine wengi waliogopa, wakatoa. Taabu ilipopungua, walioanguka wakaja mlangoni wakilia. Je, wafunguliwe? Novatianus, mzee wa kanisa la Roma, akasema hapana, mlango wao umefungwa milele. Askofu Cornelius akasema wafunguliwe, baada ya kutubu kweli. Mwaka 251 maaskofu 60 wakakutana Roma, wakakubaliana naye. Katika waraka alioandika juu ya fitina hiyo, ambao Eusebius ametuhifadhia sehemu yake, Cornelius awahesabu watumishi wa kanisa lake: wazee 46, mashemasi 7, na wengineo, na waondoa pepo, wasomaji na mabawabu pamoja walikuwa 52. Pia anawataja wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 waliolishwa na kanisa. Katika siku zile zile walipokuwa wakishindana kwa habari ya nani aingie, walikuwapo watu waliosimama mlangoni kwa miguu yao na kuziona nyuso za wale waliotaka kurudi. Cornelius mwenyewe alikufa uhamishoni mwaka 253. Hakuwa mtu wa kulegeza imani. Aliujua mlango tu.

Nanyi, ndugu, mwazijua nyuso hizo. Yuko kijana aliyetengwa kwa ulevi, sasa miezi mingi hajanywa, naye hupita nje ya kanisa wakati wa kuimba, akaenda polepole. Yuko binti aliyezaa kabla ya ndoa. Akija huketi karibu na mlango, akatoka kabla ya baraka ili asitazamwe. Yuko mzee aliyeacha ibada kwa sababu ya ugomvi wa shamba na mzee wa kanisa, na ugomvi umekwisha, lakini hakuna aliyemwendea. Katika desturi zetu mgeni haingii nyumbani mwa mtu kwa ghafula. Husimama nje akapiga hodi, naye mwenye adabu hupiga mara tatu. Asipoitikiwa, huenda zake. Watu hawa wanapiga hodi. Wengine wamekwisha kupiga mara mbili.

Maandiko yatupa habari za wasichana wawili waliongoja mlango, na wote wawili walionana na Petro yule yule. Wa kwanza alikuwa katika behewa ya kuhani mkuu. Alimfungulia Petro, lakini alimwuliza swali, na kwa swali lile Petro akamkana Bwana wake (Yohana 18). Wa pili alikuwa Roda, katika nyumba ya Mariamu mamaye Yohana Marko (Matendo 12). Aliposikia sauti ya Petro furaha ilimzidi, akapiga mbio ndani bila kufungua. Waliokuwa ndani walikuwa wakimwombea Petro usiku ule. Lakini walipoambiwa ya kuwa yuko mlangoni, walimwambia Roda kwamba ana wazimu. Jibu la maombi yao lilikuwa nje gizani, likibisha.

Nasi hufanya vivyo hivyo. Kila Jumapili twamwomba Mungu awarudishe waliopotea, na twaitikia Amin kwa sauti kuu. Kisha mmoja wao abishapo, twasema, huyu siye, tunamfahamu huyu, subiri tumwangalie mwaka mwingine. Heri usharika wenye Roda mmoja, mtu mdogo asiye na cheo, ambaye akiambiwa ana wazimu husisitiza kwamba ni kweli, Petro yuko mlangoni, njoni mfungue.

Wala si waliotengwa peke yao. Yakobo aliandika habari za tajiri mwenye pete ya dhahabu na maskini mwenye nguo mbovu waingiao pamoja katika mkutano, na jinsi mmoja apewavyo kiti na mwingine aambiwavyo kusimama au kukaa chini (Yakobo 2). Kitabu cha kale cha taratibu za kanisa, kiitwacho Didascalia, kilichoandikwa Shamu katika karne ya tatu, chamwagiza askofu kwamba akija maskini au mzee na nafasi hakuna, ampatie mahali kwa moyo wote, hata ikimlazimu askofu mwenyewe kuketi chini. Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Usharika usiopokea mgeni haumnyimi mgeni peke yake. Wenyewe hubaki na ugonjwa wao.

Nawe mwalimu uliye peke yako katika mtaa wa mbali, neno hili lina faraja kwako. Wafungua kanisa kabla ya jua kupanda, wafagia, wapiga kengele, wawafundisha watoto na wanafunzi wa ubatizo, na siku ya ubatizo mchungaji aja, jina lako halitajwi. Usifadhaike. Yohana Mbatizaji alikuwa mtu wa namna hiyo: alimfungulia Mchungaji, kisha akasimama kando, akafurahi kuisikia sauti yake. Katika Yohana 10 Bwana asema kwamba bawabu humfungulia mchungaji wa kondoo. Hilo latosha. Bawabu si mwenye nyumba. Hakuujenga mlango, wala hawezi kuupanua au kuupunguza, maana Bwana alijiita mwenyewe mlango, naye ni mpana kiasi alichotaka Baba. Kazi yetu ni kutosimama katikati yake.

Lakini liko onyo. Mtu aweza kuwafungulia wengine maisha yake yote, naye asiingie. Aweza kuijua bawaba na komeo, saa ya kengele na hesabu ya viti, asimjue Bwana wa nyumba. Ndiyo maana katika Marko 13:34 bawabu ndiye aliyeamriwa kukesha, kwa kuwa hajui bwana wake atarudi jioni, au usiku wa manane, au awikapo jogoo. Basi kila mmoja wetu na aulinde kwanza mlango wa moyo wake. Daudi aliomba mlinzi kwa ajili ya midomo yake (Zaburi 141:3). Na baba na mama ni mabawabu wa nyumba yao. Lipitalo mlangoni mwao, liwe neno la laana au neno la sala, watoto watakua nalo.

Tena ajabu iliyo kuu ni hii: yeye aliye mlango amekubali kusimama nje ya mlango wetu na kubisha, kama tusomavyo katika Ufunuo 3:20. Mwenye nyumba zote apiga hodi kama mgeni, wala havunji. Aliyewahi kumwitikia atajuaje kumwacha mwingine asimame nje?

Kwa hiyo, ndugu wapendwa, Jumapili ijayo mtu mmoja na atoke katika nafasi yake aliyoizoea, akasimame mlangoni. Asingoje kuchaguliwa na baraza la wazee. Amwangalie apitaye polepole njiani. Amwite kwa jina lake, amwambie, Karibu.

Ee Bwana Yesu, uliyetufungulia kwa damu yako, tufundishe kufungua. Utulinde tusilale mlangoni, wala tusijifanye wenye nyumba. Na siku ile utakapoufunga mlango kwa mkono wako mwenyewe, utukute ndani, sisi pamoja na wale ambao tulitumwa kuwaita. Amin.