Kwa Kijana Anayevunja Safu za 256

Mwanangu, nimesikia unaziondoa zile safu za ukubwa maalumu ndani ya mkalimani wa lugha yako ya programu. Umefanya vyema. Nafasi 256 zinatosha siku ya kuonyesha kazi. Siku mtu akileta funksheni inayojiita yenyewe mara 300, staki inafurika, na C, uliyoandikia mkalimani wako, haisemi kitu: inaandika tu juu ya kumbukumbu ya jirani.

Kukuza safu si kazi ngumu. Anza na nafasi 8, zikijaa zidisha mara mbili. Ukiongeza moja moja hadi vitu 1,000 unaweza kunakili karibu mara 500,000. Kwa kuzidisha, ni 1,016 tu. Na jibu la realloc, funksheni ya C ya kukuza safu, lipokee kwenye pointa ya pembeni kwanza, maana likirudi NULL juu ya pointa yako, ya zamani umeipoteza na mpya hukuipata.

Nililokuitia hasa ni hili: realloc ina hiari ya kuihamishia safu nzima kwingine. Tuseme mkalimani anakokotoa a + f(x). Umeshika pointa ya a ndani ya staki, ukaita f. Nayo f ikaita nyingine, staki ikajaa, ikahama. Ulichobaki nacho ni anwani ya nyumba iliyohamwa: pengine vyombo vingali ndani, pengine kaingia mpangaji mwingine. Ubaya wake, mara nyingi realloc hupata nafasi palepale, majaribio yako yote yakapita, programu ikaja kuanguka kwa mteja. Basi tunza namba ya nafasi, si pointa, na baada ya kila wito itafute thamani upya kwa namba hiyo.

Wenye lugha ya Lua walishalikabili hili. Fungua faili lao la ldo.c uisome correctstack, inayosahihisha pointa za staki ikishahama. Wana hata namna ya majaribio inayoilazimisha staki ihame ingawa nafasi ipo. Iige hiyo kabla hujagusa kingine; hitilafu zitakujia mezani kwako, si kwa mteja.

Wala usidhani umefuta mipaka. Funksheni isiyokoma itameza RAM yote. Lua yenyewe kwa kawaida huikomesha staki kwenye nafasi 1,000,000, ikatoa ujumbe wa hitilafu. Nawe weka ukomo wako, uuandike mahali pamoja, na ukifikiwa programu iseme wazi kilichotokea.

Anza na staki, ndiko pointa nyingi zinakoshikwa. Majedwali ya majina yangoje wiki ijayo.