Kukodi Mtumbwi si Kumkodi Mwenye Mtumbwi

Sisi watu wa Nyanda za Juu za Kusini tumelelewa na milima. Mtoto wa Mafinga au wa Tukuyu hujua kupanda na kushuka tangu meno yake ya kwanza hayajang'oka, lakini aghalabu hufika utu uzima asijue kuogelea hata kidogo. Hata hivyo si ajabu siku hizi kuona familia nzima kutoka Iringa, Njombe au Mbeya mjini, baba, mama, watoto na shangazi, ikiteremka hadi Kyela na kufika Matema, ili ikae siku mbili tatu kando ya Ziwa Nyasa. Ni jambo jema, wala hatutaki kumnyima mtu furaha hiyo. Na mtu akisha kufika Matema, akaiona Milima ya Livingstone imesimama wima juu ya maji, hakosi kutamani kupanda chombo, aende walau hadi Ikombe, kijiji cha wafinyanzi, akatazame vyungu vinavyofinyangwa huko. Ndipo hutafutwa mwenye mtumbwi au mwenye boti ya mashine, wakapatana bei.

Hapo ndipo swali letu linapoanza. Bei ikisha kukubaliwa na fedha kutolewa, je, amri ndani ya chombo ni ya nani?

Wengi watajibu upesi kwamba mwenye fedha ndiye mwenye amri. Nimekodi gari, dereva hunipeleka nitakako. Nimekodi chumba, nalala saa nipendayo. Kwa nini mtumbwi uwe mbali na hayo? Jibu hilo lina sura ya haki, lakini gari likiharibika utashuka ukae kando ya barabara, na chumba kikivuja utahamia kingine. Ziwani hakuna pa kushukia. Karibu na milima ile sakafu ya ziwa huporomoka ghafla, na mahali penye kina kikubwa kabisa maji yake yapata mita 700.

Ziko adabu ndogo za kukodi chombo ambazo kila mtu aliyelelewa vema azijua, au azifahamu akielezwa mara moja. Msalimie mwenye chombo kabla ya kumwuliza bei. Patana naye nchi kavu, si katikati ya maji. Fika saa mliyoagana, maana asubuhi ziwa aghalabu hutulia na mchana upepo huinuka, na mgeni aliyechelewa kwa ajili ya chai huila saa ya salama ya watu wote. Keti unapoonyeshwa, wala usisimame ili upigwe picha. Pombe iachwe pwani. Mtumbwi ule ndio shamba la mwenyewe na ada ya shule ya watoto wake. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hayo yatosha, tusonge mbele kwenye jambo kubwa zaidi.

Mwaka mmoja tulikwenda Matema, kundi la vijana pamoja nami. Tulikuwa tumepatana na mzee mmoja atupeleke Ikombe asubuhi, lakini tukachelewa, hata tulipofika pwani ilikuwa karibu saa sita. Mzee akatazama kusini kwa kitambo, akasema kwa sauti ya chini, "Padre, labda kesho." Vijana wakaanza kulalamika. Mmoja akasema kesho tunaondoka. Mwingine akasema kwamba kama yeye anaogopa, wako wenye boti wengine. Wa tatu akatoa noti moja zaidi akaitikisa mbele ya macho yake. Mzee hakujibu. Akaisukuma boti majini, tukapanda. Nusu ya njia mawimbi yakaanza kuingia ndani, tukawa tunateka maji kwa sufuria ya kupikia na kwa kofia zetu, na mzee akageuza chombo bila kutuuliza. Tulirudi salama, tumelowa, hatuna maneno. Lakini jambo linalonisumbua hadi leo si mawimbi. Ni kwamba nilimsikia mzee akisema "labda kesho", nikafahamu maana yake, nikanyamaza kwa kuwa nami nilitaka kuiona Ikombe.

Mtu maskini asemapo "labda" mbele ya watu wenye fedha, amekwisha kusema "hapana" kwa sauti yote aliyo nayo. Hawezi kuipandisha zaidi, maana nyumbani anangojewa na watu wa kula, na mgeni huyu huenda asirudi tena mwaka huu. Kwa hiyo twaona kwamba adabu ya kwanza ya mwenye kukodi chombo ni kumwachia mwenye chombo neno lake la kukataa, tena kulirahisisha litoke. Anayemwonyesha noti mtu aliyesita hamwongezei ujira. Anainunua hofu yake, na hofu ile ndiyo iliyokuwa mlinzi wa wote.

Ziwa Nyasa si la kuchezea. Kuanzia Mei hadi Agosti huvuma upepo wa kusini-mashariki uitwao mwera, nao hupata nafasi ya kukusanya nguvu juu ya maji yenye urefu wa zaidi ya kilometa 500, hata ufikapo Matema, penye ncha ya kaskazini, mawimbi yamekwisha kukua. Tarehe 30 Julai 1946, katika majira hayo hayo, meli iitwayo Vipya ilizama katika ziwa hili upande wa Malawi, na watu zaidi ya 100 wakafa. Ilikuwa meli, si mtumbwi. Nao watu wa Iringa wapendao kwenda bwawa la Mtera wajue kwamba maji yale, ingawa ni ya kuchimbiwa ukuta na binadamu, yana viboko na mamba, na miti iliyokufa bonde lilipofurika, mingine imejificha chini kidogo ya maji. Mvuvi wa pale anajua ilipo. Mgeni hajui, na fedha haziwezi kumfundisha kwa saa moja.

Kadhalika hesabu ya watu haina mapatano. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Viktoria. Kilikuwa kimeundwa kwa abiria 101. Waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya 220. Hatuwalaumu marehemu hao, ambao wengi walikuwa wakirudi makwao na hawakuwa na chombo kingine. Lakini mtu wa matembezi, asiye na lazima yoyote, amwambiapo mwenye boti, "Ongeza hawa wawili tu, ni wembamba", anaomba nini hasa?

Msomaji mwenye akili ataleta pingamizi hapa, nasi twaikubali. Atasema: mwenye chombo naye hupenda fedha; je, tukimtii yeye tu, tutakuwa salama? Kumbuka safari ya Paulo kwenda Roma, katika Matendo ya Mitume sura ya 27. Yule akida aliwasikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo aliyewaonya, na watu 276 wakatupwa ufuoni Malta, merikebu ikavunjika. Naam, mwenye chombo aweza kukosea, na tamaa yake yaweza kumpofusha kama yetu. Kwa sababu hiyo hatusemi kwamba umtii katika kila jambo. Akisema "twende", unayo haki ya kukataa, tena una wajibu wa kutazama: jaketi za kuokolea maisha zipo kwa kila kichwa, pamoja na za kipimo cha watoto? Zinafungika? Yako makasia, mashine ikizimika? Chombo kimekaguliwa na kupewa cheti, kazi ambayo tangu 2018 ni ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania? Lakini akisema "tusiende", shauri limekwisha. Neno la kuzuia lina haki kuliko neno la kwenda, litoke kwa nani, hata kwa bibi kizee aliyeketi nyuma ya boti na ambaye vijana humcheka.

Baba wa familia hasa yampasa kulipima jambo hili. Ushujaa wake ni mali yake, aweza kuutumia apendavyo, ingawa hata hapo si bila mpaka. Lakini mtoto wa miaka mitano aliyepakatwa na mama yake hakupatana bei na mtu, wala hakuulizwa kama yuko tayari. Baba akimshurutisha nahodha, ameweka rehani kitu kisicho chake.

Liko jambo jingine ambalo hatujaliona likifanyika, nasi twalipendekeza. Mnapopatana bei jioni, mwambieni mwenye chombo: "Kesho ukiona ziwa halifai, utapata nusu ya fedha hizi kwa kuwa umetungojea." Wako watakaosema ni upotevu wa fedha. Lakini mtu huyo ameamka alfajiri, amenunua mafuta, amewakataa wateja wengine kwa ajili yenu, na ujuzi wa kulitazama ziwa, aliourithi kwa wazee wake, ni kazi kama ilivyo kazi ya kupiga kasia. Kwa nini alipwe kwa mikono yake tu, asilipwe kwa macho yake?

Miaka miwili baadaye nilirudi Matema pamoja na familia moja ya marafiki, tukapatana hivyo na kijana mmoja. Asubuhi tulifika mapema, naye alikuwa amesimama karibu na boti yake, amekunja mikono. Akasema waziwazi, mbele ya watoto, "Padre, leo hapana. Ziwa limechafuka." Baba wa familia akampa nusu yake, akampa na mkono. Tukakaa chini ya mwembe hadi jioni, tukila samaki wa kuchoma na kutazama mawimbi meupe mbali. Watoto walilia kidogo, wakasahau. Ikombe sijaiona hadi leo.