Mbwa wako na fataki za mkesha
Mkesha wa Mwaka Mpya fataki zikianza kulia, mbwa wa nyumbani hajui kwamba tunashangilia. Anatetemeka tu. Mt. Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba ukatili kwa mnyama humzoeza mtu kuwa mkatili kwa binadamu. Sawa, ila mimi naona haitoshi: ile hofu ni ya mbwa mwenyewe, si zoezi la tabia yangu. Katekisimu, namba 2418, inakataa kumtesa mnyama bila sababu.

Basi mtembeze mapema, kabla ya giza. Usimwache kwenye mnyororo; mwingize ndani hata kama hulala nje (najua, mama atasema). Funga madirisha, washa redio. Akijificha chini ya kitanda, usimvute. Akija mwenyewe, mbembeleze; kumbembeleza hakumwongezei woga, jamani.