Leseni ya Pikipiki na Amri ya Tano

Siku hizi hakuna kijiji cha Mbulu wala cha Hanang kisichosikia mlio wa pikipiki. Mgonjwa hupelekwa Haydom kwa pikipiki, katekista hukiendea kigango chake kwa pikipiki, na kijana aliyekosa shamba la kutosha hupata humo riziki yake. Hatuna nia ya kukilaumu chombo hiki. Twauliza swali moja, ambalo vijana wenyewe hutuuliza: je, kuendesha bila leseni, au kwa leseni iliyopatikana bila kutahiniwa, ni dhambi, au ni kosa la serikali tu, ambalo faini hulimaliza?

Wengi hujibu upesi kwamba hilo ni jambo la askari. Aliyeendesha miaka mitatu pande za Dongobesh asimguse hata kuku husema, "Sijamdhuru mtu, nimekosa nini?" Neno hilo lina nguvu, wala hatulidharau. Twajua pia kwamba ada, safari na siku zisizo na kipato ni mzigo kwa mtu anayekula cha leo leo.

Lakini wafugaji wa Hanang watatufahamu tukitaja Torati. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, ng'ombe akimpiga mtu pembe hata akafa, mwenye ng'ombe hakuwa na hatia, ikiwa mnyama yule hakujulikana kuwa mkali. Bali kama alizoea kupiga watu, naye mwenyewe alikwisha kuonywa wala hakumfunga, damu ilikuwa juu yake. Tazama basi: hatia hiyo haikuanza siku ya mauti. Ilianza siku alipoonywa, akaliacha zizi wazi. Naye angaliweza kusema, "Ng'ombe wangu hajaua mtu," mpaka jioni ile ile.

Mafunzo na mtihani ndiyo onyo lenyewe. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yamtaka mwendeshaji awe na leseni, na kabla yake leseni ya kujifunzia. Anayefundishwa vema hujua kwamba mwendo ukiongezwa mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki hufika kama mara nne. Kwamba breki ya mbele ikibanwa ghafula juu ya changarawe, gurudumu huteleza. Kwamba mwendo hupunguzwa kabla ya kona, si ndani yake. Asiyejua hayo huteremka mlima Magara wakati wa mvua, na nyuma yake amekaa mama mwenye mtoto mgongoni. Mama huyo hawezi kumtahini. Amemwamini tu. Leseni ni ushuhuda aliopewa mama yule kwamba mtu huyu amepimwa akaonekana anaweza. Ikinunuliwa, ni ushuhuda wa uongo, na aliyetoa fedha na aliyepokea wote wawili ni mashahidi wa uongo. Hivyo Amri ya Nane imekwisha kuvunjwa kabla ya kuifikia ya Tano.

Na ya Tano? Katekisimu ya mwaka 1992 yamhesabia hatia nzito mtu ahatarishaye usalama wake na wa wenzake barabarani kwa ulevi au kwa kupenda kasi. Ni kuhatarisha, si kuua tu.

Wazazi nao wasijitoe. Baba huuza ng'ombe amnunulie mwanawe pikipiki, lakini fedha ya kofia ngumu na ya mafunzo huonekana ni ya anasa. Na kofia iliyofungwa vizuri hupunguza hatari ya kufa kwa kadiri ya asilimia 40. Wala sisi mapadri tusijitoe. Misa mbili Dominika moja, vigango vilivyo mbali, na kofia yaning'inia kwenye usukani: twakiri.

Kwake aliyekwisha kuinunua leseni, jibu letu ni gumu. Aache kubeba abiria, ajifunze, atahiniwe kweli, ijapokuwa hakuna amwulizaye. Atauliza watoto wale nini majuma hayo, naye ana haki ya kuuliza. Vikundi vya kuweka na kukopa katika jumuiya zetu, ambavyo hukopesha fedha za kununulia pikipiki, vyaweza kukopesha ada ya mafunzo na posho ya siku hizo kadhalika.