Jicho la Angani na Wajibu wa Anayeona

Setilaiti za kuangalia dunia hupiga picha za ardhi na bahari, hupima joto, mvua na uoto, na hufuatilia gesi zinazopanda hewani. Kamera inayomwonyesha mtaalamu wa hali ya hewa msitu uliofyekwa inaweza pia kumwonyesha jemadari msafara wa magari jangwani. Usalama na hifadhi ya tabianchi, ambavyo serikali huviweka katika wizara mbili tofauti, huko juu vinatumia vyombo vya namna moja. Hapo ndipo linapozuka swali la maadili: mwenye uwezo wa kuona nchi nzima bila kukanyaga udongo wake anawajibika nini kwa wanaoonwa?

Swali hilo linaanza na ruhusa. Ndege ya kigeni haiingii katika anga ya nchi bila idhini, lakini setilaiti hupita juu ya kila nchi bila kubisha hodi. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 ulitangaza kwamba anga hizo ni za wanadamu wote, ukakataza taifa lolote kujimilikisha sehemu yake, na ukapiga marufuku silaha za nyuklia kwenye obiti. Setilaiti za kijeshi haukuzikataza. Mwaka 1976 nchi kadhaa za ikweta, zikiwemo Kenya, Uganda na Zaire, zilitoa Azimio la Bogota. Zilidai haki juu ya obiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, ambako setilaiti huonekana kama imesimama mahali pamoja. Dai lao halikukubaliwa, ila hoja iliyolibeba ingali na nguvu: kitu kikiitwa cha wote ilhali wenye vyombo vya kukifikia ni wachache, usawa wake unabaki kwenye karatasi.

Dini zimeshughulika na tendo la kutazama tangu zamani, na mafundisho yake mawili huonekana kupingana. Sura ya Al-Hujurat katika Kurani inakataza watu kupelelezana. Kitabu cha Ezekieli, katika sura ya 33, kinamzungumzia mlinzi wa mji ambaye anauona upanga unakuja na hapigi tarumbeta. Mungu anamdai damu ya waliouawa. Upande mmoja kutazama ni kosa, upande wa pili kosa ni kuona na kunyamaza. Mafundisho haya yanapatana mtu akiuliza habari inapelekwa kwa nani. Mpelelezi na mlinzi wanaweza kutazama bonde lile lile kwa makini yale yale. Mpelelezi hupeleka alichokiona kwa mtu wa tatu, nao wanaotazamwa hawajui. Mlinzi huwarudishia habari wale wale wanaoishi chini ya macho yake.

Kipimo hicho kimo pia katika sheria za kimataifa, ingawa kwa nusu. Mwaka 1986 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni kuhusu upigaji picha wa dunia kutoka angani. Kanuni hizo haziitaki nchi inayopiga picha iombe idhini kwanza. Zinaipa nchi iliyopigwa haki ya kupata data zake bila ubaguzi na kwa gharama ya wastani, na zinamtaka aliyegundua dalili za maafa au za madhara kwa mazingira aziarifu nchi zinazohusika. Lakini zinahusu maliasili, matumizi ya ardhi na hifadhi ya mazingira tu. Picha zinazopigwa kwa ajili ya vita ziko nje yake, na penye siri ndipo haki ya anayeonwa inapokuwa ndogo kabisa. Kwa upande wa tabianchi hatua imepigwa: picha za Landsat, mradi wa Marekani ulioanza mwaka 1972, zinatolewa bure tangu 2008, na za setilaiti za Sentinel za Ulaya vilevile.

Hata hivyo, kufikisha habari hakumalizi wajibu. Kuanzia nusu ya pili ya mwaka 2010, wachambuzi wa mvua na uoto walionya kwamba ukame ungeipiga Pembe ya Afrika. Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa kusini mwa Somalia Julai 2011. Makadirio yaliyotolewa baadaye yalitaja vifo vya watu wapatao 258,000, karibu nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano. Vita, vikwazo vya kisiasa na uzito wa wafadhili vilichelewesha msaada, ilhali tarumbeta ilikwisha kulia. Fikihi ya Kiislamu ina dhana inayofaa hapa, fardhi kifaya: wajibu wa jamii nzima ambao wakiutimiza baadhi wengine husamehewa, na usipotimizwa na yeyote wote hupata dhambi. Onyo linalosomwa na mashirika mengi lina hatari hiyo hiyo, kila mmoja akidhani mwenzake ameshachukua hatua. Mwanafalsafa Hans Jonas, katika kitabu chake cha 1979 kuhusu wajibu katika zama za teknolojia, alishikilia kwamba wajibu hukua kadiri uwezo unavyokua. Kwa hoja hiyo, uwezo wa kuijua njaa miezi kadhaa kabla unaondoa udhuru wa kutojua.

Kuona nako kuna mipaka yake. Katika kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, bima ya mifugo ilianza mwaka 2010 ikitegemea picha za setilaiti. Jani bichi hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi miale ya infraredi. Tofauti ya hivyo viwili huonyesha wingi wa kijani, na kijani kikipungua kupita kiwango kilichowekwa, mfugaji hulipwa. Ugumu ni kwamba kipimo hicho hakijui ng'ombe anakula nini. Kichaka kisicholika na mifugo huhesabiwa kijani sawa na nyasi, na mfugaji anaweza kupoteza wanyama wake huku takwimu zikisema malisho yapo. Ndiyo maana haki ya anayeonwa haiishii kwenye kupewa picha. Anastahili pia kuipinga kwa anayoyajua akiwa chini, na kusikilizwa.

Hatimaye, obiti yenyewe ni amana. Januari 2007 China iliilipua kwa kombora setilaiti yake kuukuu ya hali ya hewa, Fengyun-1C, na kuacha vipande zaidi ya 3,000 vinavyoweza kufuatiliwa. Novemba 2021 Urusi ilifanya jaribio la namna hiyo kwa setilaiti yake, Cosmos 1408. Kila kipande hukimbia kwa kasi inayotosha kuharibu setilaiti nyingine, iwe ya jeshi au ya kutabiri mvua. Anayechafua obiti kwa jina la usalama wa taifa lake anahatarisha macho ambayo mataifa mengine yanayategemea kujikinga na kimbunga na ukame. Kwa hiyo wajibu wa anayeona una sehemu nne: kuwapa habari walioonwa, kuchukua hatua juu ya onyo, kukubali kusahihishwa nao, na kuitunza njia ambayo chombo chake hupita.